MAZUNGUMZO YA MWALIMU: Nukta Si Pambo

Katika mazungumzo yetu ya juma hili twataka kusema juu ya kitu kidogo kuliko mbegu ya lengalenga. Kitu hicho ni nukta, pamoja na ndugu yake mkato. Tunajua kwamba wazazi wengine watacheka. Watasema: «Watu wamehama vijiji vyao, shule zimefungwa na kufunguliwa mara ngapi hatujui, naye mwalimu atuletea habari za vidoadoa!» Tunawaomba wavumilie kidogo. Mambo tunayotaka kuwasimulia yalitupata katika nchi yetu ya Masisi, nasi hatukutoka humo bila aibu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mapigano yalipozidi kando ya barabara ya Sake, watu wengi walihama. Katika darasa letu la mwaka wa nane alikuwamo kijana mmoja, mtoto wa miaka kumi na minne, mpole na mwenye bidii. Jamaa yake iligawanyika njiani. Mama yake alibaki katika kijiji kimoja pamoja na watoto wadogo na babu yao, mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu. Kijana alitangulia na shangazi yake kutafuta mahali pa kulala, akaahidi kurudi kuwachukua. Lakini alipofika aliona kwamba hataweza kurudi. Akapasua karatasi katika daftari lake, akaandika maneno matano, akampa mtu wa pikipiki ampelekee mama yake. Maneno yenyewe ndiyo haya:

Kutungoja hapana kutangulia na mzee

Mama hakujua kusoma. Alimwita jirani, naye akamsomea hivi: «Kutungoja; hapana kutangulia na mzee.» Basi mama akatii. Akakaa siku nne akingoja. Mtu wa pikipiki alikuwa amekwisha kwenda zake, wala hapakuwa na wa kuulizwa. Siku ya tano milio ya bunduki ilisikika karibu, wakaondoka usiku chini ya mvua, mzee akibebwa mgongoni kwa zamu. Walifika salama, Mungu ashukuriwe. Hapo ndipo kijana alipopiga kelele: «Mama, kwa nini mlichelewa? Niliwaandikia mje upesi!» Maana yeye alikuwa amekusudia hivi: «Kutungoja hapana, kutangulia na mzee.»

Maneno ni yaleyale matano, wala herufi haikuongezwa wala kupunguzwa. Kasoro ilikuwa moja tu: hapakuwa na alama ya kumwambia msomaji asimame wapi. Akisimama baada ya neno la kwanza, watu wanakaa. Akisimama baada ya neno la pili, watu wanaondoka. Tulipokutana na yule mzee baadaye, alituonyesha ile karatasi, aliyokuwa ameiweka mfukoni, akasema: «Mwalimu, karatasi hii ilikuwa na maneno, lakini haikuwa na sauti.»

Sasa sikieni aibu yetu. Tulipofungua daftari letu la pointi, tuliona kwamba mwezi mmoja kabla ya hayo tulikuwa tumewapa wanafunzi jaribio juu ya alama za kuandika. Yule kijana alipata pointi nane juu ya kumi. Alijua majina yake yote kwa Kifaransa, «point», «virgule», «point-virgule», na kwa Kiingereza pia. Alijua majina, lakini sisi hatukumwambia kazi yake. Tulimfundisha kuzihesabu kama mtu ahesabuye vyombo vya fundi, bila kumpa ubao wa kuranda. Tangu siku ile tumeazimia kufundisha jambo hili kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo tutakayo kuwaeleza leo.

Kwanza yafaa kujua kwamba alama hizi hazikuletwa ili kuwasumbua wanafunzi. Zililetwa kwa huruma. Zamani Wayunani na Warumi waliandika maneno yakiwa yameshikana yote, bila nafasi kati ya neno na neno. Aliyetaka kusoma mbele ya watu ilimpasa kujifunza maandiko yale kwanza, ajue atakata wapi. Yapata miaka 200 kabla ya Kristu, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Aleksandria, aliweka nukta juu, katikati na chini ya mstari, ili msomaji ajue apumzike kidogo au sana. Mtakatifu Yeronimo, aliyefariki mwaka 420, alipofasiri vitabu vya Manabii katika Kilatini, aliigawa mistari kwa kufuata maana, mstari mmoja kwa wazo moja, ili wasomaji wasipotee. Baadaye watawa wa Ayalandi, ambao Kilatini hakikuwa lugha ya mama zao, wakazoea kuacha nafasi kati ya maneno. Tena, mwishoni mwa karne ya 15, mchapaji Aldus Manutius wa mji wa Venezia akatumia katika vitabu vyake ile nukta iliyopanda juu ya mkato.

Tazameni basi: wengi wa hao walikuwa wakiwahurumia watu wanaosoma lugha isiyo yao. Watoto wetu wa Masisi na Walikale ni watu wa namna hiyohiyo. Nyumbani husema Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kikano au Kikumu. Sokoni na kanisani husema Kiswahili. Darasani husoma Kifaransa. Na katika sekondari huongezewa Kiingereza. Mtu mwenye lugha nne ana haki ya kuonyeshwa njia.

Hata jina lenyewe latufundisha. Neno la Kiyunani «komma», ambalo Wazungu wameliita alama hii, maana yake ni kipande kilichokatwa. Kwa Kiswahili twasema mkato, na maana ni ileile. Mkato hukata wazo katika vipande ili limezwe bila kukwama kooni. Nukta hufunga. Nukta na mkato hufunga mlango bila kutia komeo. Alama ya kuuliza huacha mlango wazi, ikingoja mtu aingie na jibu.

Mtu asiyeamini na asikilize masomo ya Dominika. Msomaji mmoja akipanda mbele na kusoma kwa haraka, akipita juu ya nukta kama gari lisilo na breki, waamini hutoka bila kujua Mtume Paulo aliandika nini. Mwingine akisoma barua ileile kwa kusimama panapostahili, hata bibi asiyejua kusoma huelewa. Kitabu ni kimoja, lakini yule wa pili ameheshimu alama.

Sasa tuje kwenye sentensi, maana nukta bila sentensi ni sawa na mlango usio na nyumba. Mara nyingi walimu twawaambia watoto: «Hamjui kujenga sentensi!» Maneno hayo si ya kweli. Mtoto wa miaka mitano wa Walikale hujenga sentensi kutwa nzima, na hakosei. Wazee wake walijenga sentensi kubwa kuliko zetu. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, msimulizi mmoja aitwaye Candi Rureke alisimulia masimulizi marefu ya shujaa Mwindo kwa siku kadhaa, akiimba na kucheza. Maneno yake yaliandikwa kwa Kinyanga, na mwaka 1969 yakachapwa huko Marekani pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Waliofanya kazi hiyo ya kitabu ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, ambaye baadaye aliandika pia juu ya sarufi ya Kihunde. Fikirini kazi waliyokuwa nayo. Msimulizi hasemi nukta wala mkato. Hushusha sauti, huinua mkono, hunyamaza, huanza wimbo. Waandishi ndio iliowapasa kuyageuza yote hayo yawe alama juu ya karatasi. Basi sentensi ilikuwapo kwetu kabla ya daftari. Mtoto anachokosa si sentensi, bali ni ujuzi wa kuihamisha kutoka kinywani hadi kwenye karatasi, na kutoka lugha moja hadi nyingine.

Katika kuhama huko ndipo penye ugumu, nasi tutaonyesha kwa mfano mmoja. Chukueni neno letu «nimekuandikia». Likateni vipande: ni, me, ku, andik, ia. Vipande vitano, na kila kimoja kina kazi yake: nani atendaye, wakati gani, nani atendewaye, tendo gani, na kwamba tendo lamwendea mtu. Kwa Kiingereza husemwa «I have written to you.» Maneno matano! Vitu ni vilevile. Ila Kiswahili huvifunga katika mzigo mmoja, na Kiingereza huvibeba kimoja kimoja. Mtoto akiona jambo hili ubaoni, hofu humtoka. Huona kwamba Kiingereza hakimletei mambo mageni, bali chamwomba afungue mzigo wake.

Jambo la pili ni mahali pa neno. Sisi tuliosoma katika seminari ndogo, sehemu ya Latin-Philo, tulifundishwa kwamba katika Kilatini mwisho wa neno ndio utajao mtendaji na mtendwa. «Petrus Paulum videt» na «Paulum Petrus videt» ni kitu kimoja: Petro amwona Paulo. Katika Kiswahili, mwanzo wa kitenzi hutusaidia. Ukisema «Watoto wanamwona mwalimu», au «Mwalimu, watoto wanamwona», twaelewa kwamba watoto ndio waonao, kwa kuwa «wa» na «m» zimekaa ndani ya kitenzi kama walinzi wawili. Lakini Kiingereza hakina walinzi hao. Mlinzi wake ni mahali tu. «The children see the teacher» ni jambo moja. «The teacher sees the children» ni jambo lingine. Ndiyo maana Waingereza hushika safu yao kwa ukali: kwanza mtendaji, kisha tendo, kisha mtendwa. Anayevunja safu hiyo amebadili habari yenyewe.

Yule kijana wetu yuko wapi leo? Jamaa yake ilivuka mpaka, na sasa wakaa katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda. Huko shule hufundisha kwa Kiingereza. Kwetu Kongo Kiingereza ni somo tu, saa chache kwa juma, na lugha ya kufundishia ni Kifaransa. Huko ni lugha ya hesabu, ya sayansi na ya kila kitu. Kwa hiyo kijana aliyekuwa sekondari alirudishwa darasa la sita la msingi, akaketi na wadogo zake. Anajua hesabu kuliko wote, lakini hawezi kusoma swali la hesabu. Mbele yake upo mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwisho wa darasa la saba, na katika karatasi ya Kiingereza mtoto huamriwa kuandika upya sentensi kwa namna aliyoelekezwa. Asiyejua sentensi hana pa kupitia.

Mwaka 2025, baada ya mapigano kufika Masisi-centre mwezi wa Januari na Walikale-centre mwezi wa Machi, wakati ambapo sisi nasi hatukuwa na darasa, alituletea barua kwa njia ya simu, karatasi aliyoipiga picha. Alijivunia kuiandika kwa Kiingereza. Kwa ruhusa yake twaiweka hapa jinsi ilivyokuwa:

«I am well my grandfather he is well my mother he sells tomatoes here is raining every day I have fifteen years you have received my first letter»

Tuliisoma, tukafurahi kwanza, maana mzee yu hai na mama ana kazi. Halafu tukaketi kuitazama kama mwalimu. Ndani yake mna sentensi sita, na nukta hakuna hata moja. Tazameni neno «here». Ni la nani? Mama auza nyanya hapa? Au hapa mvua yanyesha? Neno hilo limesimama njia panda, kama lile «hapana» la karatasi ya kwanza. Safari hii hakuna mzee wa kubebwa usiku, lakini ugonjwa ni uleule.

Makosa mengine yana sababu, nasi twaomba walimu wazijue, ili wasimwite mtoto mjinga. Ameandika «my grandfather he is well», kwa sababu kwetu kitenzi hakitembei bila kiambishi: «babu yangu yu mzima», «babu yangu anaendelea vizuri». Ile «a» ameifasiri kwa «he». Lakini Mwingereza akishamtaja babu, hamrudii. Ameandika «my mother he», kwa sababu «a» yetu haiulizi kama mtu ni mume au mke, Kiingereza huuliza. Ameandika «is raining» bila mtendaji, kwa sababu kwetu «inanyesha» yatosha peke yake. Mwingereza hakubali kitenzi kisicho na mwenyewe. Hata mvua huitafutia mtendaji, huweka «it». Tena ameandika «I have fifteen years». Hapa hakukosa peke yake; lugha mbili zimemdanganya pamoja, maana kwa Kiswahili twasema «nina miaka kumi na mitano», na Kifaransa nacho husema «j'ai quinze ans». Mwingereza hana miaka, yeye ni wa miaka: «I am fifteen years old.»

Swali la mwisho ndilo lililotugusa zaidi: «you have received my first letter». Kwa Kiswahili swali na jibu huwa na maneno yaleyale. «Umepata barua yangu» yaweza kuwa habari, yaweza kuwa swali. Mdomoni sauti hutofautisha. Kiingereza hugeuza safu: «Have you received my first letter?» Kitenzi kidogo hutangulia mbele ya mtendaji, na alama ya kuuliza huja nyuma.

Tulimrudishia barua yake hivi: «I am well. My grandfather is well, and my mother sells tomatoes. Here it rains every day. I am fifteen years old. Have you received my first letter?» Hatukuandika kosa lolote kwa wino mwekundu. Tulimwambia tu: «Isome yako kwa sauti bila kupumzika popote, kisha isome hii kwa kufuata alama. Umwulize mzee ipi imepumua.»

Kabla ya kutoa mashauri, kuna jambo moja la nyumbani, hasa kwa jamaa zinazokaa kati ya Kifaransa na Kiingereza. Alama ni zilezile, lakini desturi zatofautiana. Mfaransa huacha nafasi kidogo kabla ya alama ya kuuliza na ya mshangao, Mwingereza haachi. Mfaransa huandika majina ya siku, ya miezi na ya lugha kwa herufi ndogo. Mwingereza huyapa herufi kubwa, naye huandika «I», yaani mimi, kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi. Mambo hayo humpunguzia mtoto pointi tu. Lakini katika hesabu na dawa, alama yaweza kudhuru. Sisi tuliosoma Kifaransa huandika mbili na nusu kwa mkato, 2,5, na elfu moja mia tano mara nyingi huiandika kwa nukta, 1.500. Waingereza hufanya kinyume: mbili na nusu ni 2.5, na elfu moja mia tano ni 1,500. Basi mama anayepewa chupa ya dawa yenye maandishi ya Kiingereza, akiona 2.5, ajue kwamba ni mbili na nusu, wala si ishirini na tano. Akiwa na shaka amwulize muuguzi kabla mtoto hajameza. Nukta hiyo si ya darasani tena.

Sasa mashauri yetu, nayo ni machache.

Kwa walimu wenzetu: msianze na majina ya alama. Anzeni na sauti. Mwandikieni mtoto ubaoni sentensi mbili bila nukta, kama zile tulizozitaja, mmwache ashindane na wenzake juu ya maana. Akishaona kwamba watu wawili wamesoma vitu viwili, ataomba nukta mwenyewe kama mwenye kiu aombavyo maji. Hapo mpeni jina lake. Ikiwa hakuna ubao, kama ilivyotokea kwetu mara nyingi, bati na kipande cha kaa la moto lililozimika hutosha. Tena katika Kiingereza, kabla ya kuandika, mwulizeni maswali matatu: nani? afanya nini? kwa nani au kitu gani? Sentensi isiyojibu maswali mawili ya kwanza bado haijazaliwa. Na wakati wa kusahihisha, msiyajumlishe makosa yote kwa rangi moja. Tengeni yale yanayobadili maana na yale yanayovunja desturi tu; ya kwanza ndiyo ya kuhangaikia kwanza.

Kwa wanafunzi: someni mliyoandika kwa sauti, lakini msisome wenyewe. Mpe mwenzako daftari lako, mwambie asome kama ulivyoandika, apumzike penye alama tu. Akikosa pumzi, kosa ni lako. Akicheka mahali usipokusudia kuchekesha, kosa ni lako. Wala msidhani kwamba sentensi ndefu ni dalili ya elimu. Tumeona wanafunzi wa sekondari wakiunganisha mawazo manane kwa «and» na «and», mpaka mwanzo wa sentensi umesahaulika. Andika sentensi fupi kwanza. Ukiisha kuzitawala fupi, zile ndefu zitakutii zenyewe.

Kwa wazazi: hata asiyejua kusoma aweza kusaidia. Mwambieni mtoto jioni: «Nisomee ulichoandika leo.» Kikiwa ni Kiswahili, ninyi mtasikia mara moja mahali asipopumzika vema, maana masikio yenu ni ya wazee wasimulizi. Kikiwa ni Kiingereza, mwulizeni akifasiri. Na mkipokea barua au ujumbe wa simu usioeleweka, msikisie. Mpigieni aliyeandika mkamwulize, kama njia ipo. Siku hizi vijana huandika katika simu bila alama hata moja, wakisema kwamba ndivyo wafanyavyo wote. Katika mambo ya mchezo hatuwakatazi. Lakini katika habari za safari, za ugonjwa, za fedha na za usalama, na waweke nukta. Neno linalobeba maisha ya watu listahili kufungwa vizuri.

Wasomaji wapenzi, mwaka huu twafikiri sana juu ya watu waliotawanyika. Jamaa moja ina watu Masisi, watu Goma, watu msituni Walikale, watu Uganda. Sauti haifiki mahali pote; betri huisha, mnara huzimwa, vocha hukosa. Kinachofika mara nyingi ni maandishi mafupi. Hebu angalieni maneno haya mawili: «Mama amefika.» Na haya: «Mama amefika?» Maneno ya kwanza hulaza jamaa yote usingizi mzuri. Ya pili huiamsha yote, kila mtu akamwulize mwenzake. Tofauti yake ni alama moja ndogo. Asiyeiandika amwacha ndugu yake katikati, asijue ashukuru au atafute.

Majuma machache baadaye tulipata barua nyingine kutoka kwa yule kijana. Ilikuwa fupi, mistari minne tu, nayo ilikuwa na nukta tatu na alama moja ya kuuliza, kila moja mahali pake. Sentensi moja tu ilikuwa na kosa, alikuwa amesahau «it» ya mvua. Tukacheka, maana mvua ya kwetu haijapata kuhitaji mtu wa kuinyesha. Chini, kwa Kiswahili, aliongeza kwamba barua ile aliisoma kwanza mbele ya babu yake, na mzee akasema: «Hii ina sauti.»

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya namna ya kuanza na kumaliza barua kwa heshima. Kwa leo inatosha. Twafunga kwa nukta.